Kuirudia riwaya ya mvuke uliyoipenda zamani: mwongozo kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora

Kitabu kiache kabatini kwanza. Chukua karatasi mbili na penseli, simu weka mbali, kisha andika kila unachokumbuka: jina la shujaa, mashine kubwa iliyobeba hadithi na inavyokwenda, inakula nini, nani alikufa na alifia wapi, tukio la mwisho, na sentensi moja ya kitabu hata kama una hakika nayo nusu tu. Usilo na hakika nalo liandike vilevile, ila liwekee alama ya kuuliza. Dakika 20 zinatosha. Karatasi ikunje, andika tarehe juu yake, uiweke mahali ambapo hutaichungulia.

Wengi huiruka hatua hii, na ukiiruka huwezi kuirudia. Ukishasoma kurasa kumi za mwanzo, kumbukumbu ya zamani hujirekebisha kimyakimya ifanane na ulichosoma, halafu unaapa kwamba ulikuwa unajua hivyo siku zote. Bila karatasi ile hutakuwa na shahidi.

Kwa aliyepotelewa na jina: stimpanki ni riwaya za dunia ambayo mvuke haukuwahi kupinduliwa na petroli. Meli za angani, mashine za shaba, watu wa chuma wanaotiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Neno lenyewe lilibuniwa na mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, mwaka 1987, nusu kwa utani. Vitabu vyenyewe vina mababu wa karne ya 19, na babu anayetajwa kuliko wote ni Jules Verne wa Ufaransa. Mifano mingi humu ni yake, kwa sababu vitabu vyake vinapatikana kirahisi na makosa tunayofanya tukivikumbuka yanajulikana.

Filamu imeingia kitabuni

Hapo ndipo kumbukumbu inapochafuka zaidi. Muulize aliyesoma safari ya kuizunguka dunia kwa siku 80 shujaa alipanda vyombo gani. Atataja treni, meli, tembo, na puto. Kitabuni shujaa hapandi puto hata mara moja. Lilitiwa na filamu ya 1956. Muulize na kuhusu Nautilus, nyambizi ya kitabu chake cha safari ya chini ya bahari. Atakuambia ni ya mvuke, bati nene lenye safu za ribiti, zile pini za kuungia mabati. Verne aliiandika ikiendeshwa na umeme wa betri, na zile ribiti zimekaa vichwani mwetu kwa sababu ya filamu ya 1954. Hata zile ligi 20,000 za kwenye jina la kitabu (ligi ni kipimo cha zamani cha urefu, hapa kama kilomita 4), watu huzidhani kuwa kina cha maji. Ni urefu wa safari, kama kilomita 80,000, yaani kuizunguka dunia mara mbili. Kina kirefu kuliko vyote baharini hakifiki ligi 3.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako ongeza mstari mmoja: je, nimewahi kuona filamu, mchezo wa kompyuta au katuni ya hadithi hii? Kama ndiyo, kila picha unayoikumbuka vizuri mno itilie shaka. Picha iliyokamilika, yenye rangi ya koti na umbo la usukani, huenda imetoka kwenye skrini.

Hakikisha ni kitabu kilekile

Riwaya nyingi za aina hii husomwa huku kwa Kiingereza, na nyingi ziliingia mikononi mwetu zikiwa matoleo ya shule yaliyofupishwa. Ukilinganisha toleo la kurasa 90 na toleo kamili la kurasa 400, usiseme mwandishi anachosha kuliko zamani. Hukuwahi kumsoma.

Angalia ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, penye maandishi madogo ya haki za uchapaji. Tafuta maneno yanayosema kimefupishwa au kimesimuliwa upya, na jina la mfasiri. Kuhesabu sura hakutoshi, kwa kuwa mkataji hukata aya ndani ya sura na kuiacha idadi ilivyo. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya kitabu cha Nautilus, ya miaka ya 1870, iliacha karibu robo ya maneno ya Verne, na ndiyo iliyochapwa tena na tena kwa miaka mingi. Mfasiri yule alikutana na eneo la makorongo makavu la Nebraska linaloitwa Ardhi Mbaya, akaandika “jimbo lisilopendeza la Nebraska”. Ukikuta sentensi ya namna hiyo, ujue uko kwenye toleo lipi.

Kama nakala yako ya zamani ipo, soma hiyohiyo hata ikiwa imefupishwa, kisha toleo kamili lifuate. Ukigeuza mpangilio huo, ile fupi itakuwa kama mchuzi uliotiwa maji.

Kukitengeneza kabla ya kukifungua

Kitabu kilichokaa miaka 15 Kigoma kina unyevu. Kilichokaa Tabora kina vumbi, na pengine mchwa. Kwanza kipige kidogo nje, mgongo ukiwa juu, kianguke kilichomo. Ukiona njia za udongo kwenye ukingo wa karatasi, usikirudishe kwenye rafu ya mbao kabla hujaikagua rafu yenyewe.

Ukungu wa kijivu au kijani ufute ukiwa mkavu, kwa brashi laini ya kupakia rangi, ukiwa nje na umefunga pua na mdomo. Kitambaa chenye maji huusukuma ndani ya karatasi. Kivulini penye upepo kitabu kisimamishe kikiwa kimefunguka kama feni kwa saa mbili au tatu. Juani kisizidi nusu saa: jua hugeuza karatasi kuwa ya njano na kukausha gundi ya mgongoni, na ukikifungua tu unasikia “kra”, kurasa thelathini ziko mkononi.

Kurasa zilizochomoka zirudishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Chovya kijiti cha kiberiti, paka mstari mwembamba wa milimita 2 kwenye ukingo wa ndani wa ukurasa, usukume mpaka ndani kabisa, weka kipande cha nailoni kila upande ili kurasa jirani zisigande, kisha kandamiza kwa matofali mawili yaliyofungwa kitambaa mpaka kesho yake. Supa gluu isikaribie: hukauka ngumu kama kioo, mgongo ukikunjwa inakatika na karatasi. Selotepu nayo ndani ya miaka michache hugeuka kahawia na gundi yake huloweka maandishi.

Doa la mawese ni kesi yake, na mkoani Kigoma vitabu vyenye doa hilo ni vingi. Likiwa bichi, bonyeza kwa karatasi ya tishu bila kusugua, funika kwa poda ya mtoto au unga laini wa muhogo, acha usiku kucha, piga brashi asubuhi. Mafuta yatapungua na ukurasa utaacha kung'aa kama karatasi ya vitumbua. Ile rangi ya machungwa haitoki. Likiwa la zamani, liache. Huenda ndilo litakalokukumbusha ulifikia wapi ulipoitwa kula.

Mwendo wa kusoma

Kwa anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu, ukurasa mmoja huchukua kama dakika 3. Riwaya ya kurasa 400 ni saa 20. Gawa kurasa 25 kwa usiku, itakutosha siku 16. Usizidishe hata kama usingizi haujaja. Anayerudia kitabu hukimbia bila kujijua, kwa sababu anajua kinakoelekea. Jicho linaruka maelezo ya mashine na mandhari, ambayo ndiyo hasa hukuyaelewa utotoni. Ukijikuta umegeuza kurasa tatu bila kuweka alama yoyote, rudi nyuma kurasa tatu.

Alama ziwe chache na za penseli: M pembeni pa maelezo ya mashine, W penye watu wasio na majina (nitaeleza chini), na msalaba penye jambo linalopingana na karatasi yako. Umeme ukikatika tumia taa ya sola. Mshumaa na kitabu cha miaka 15 chenye kurasa kavu ni jambo la kujitafutia.

Kuipima mashine

Hapa ndipo urudiaji unapolipa. Ulipokuwa na miaka 14 meli ya angani ilipaa kwa sababu mwandishi kasema imepaa. Sasa unaweza kumpigia hesabu, na hesabu yenyewe inataka namba chache tu.

Lita moja ya maji ikichemka hutoa kama lita 1,700 za mvuke. Tanuko hilo ndilo linalosukuma pistoni. Injini nzuri ya meli ya mwisho wa karne ya 19 ilikula karibu kilo 1 ya makaa ya mawe kwa kila nguvu ya farasi moja kwa saa. Kuni kavu hutoa karibu nusu ya joto la makaa ya mawe mazuri kwa uzito uleule. Kilo 1 ya makaa ya mawe hugeuza kama kilo 7 za maji kuwa mvuke. Na mita moja ya ujazo ya gesi ya haidrojeni hunyanyua kama kilo 1.1 pale usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa Tabora, kama mita 1,200, nguvu hiyo hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Sasa chukua meli ya angani ya kwenye riwaya yako. Tuseme ina nguvu za farasi 500 na inakwenda siku nzima bila kutua. Makaa: 500 mara saa 24, tani 12. Kunyanyua makaa peke yake kunataka haidrojeni mita za ujazo karibu 11,000, kabla hujapakia boila (tangi la kuchemshia maji), nahodha na kinanda cha sebuleni. Kama mvuke unatolewa nje kama wa garimoshi, ongeza maji tani 84. Kwa hiyo tafuta kama mwandishi ametaja kipoza mvuke kinachourudisha mvuke kuwa maji. Akikitaja, hata kwa nusu sentensi, huyo alifanya kazi yake. Asipokitaja, angalia shujaa anateka maji wapi. Mwandishi makini huigeuza kasoro hiyo kuwa hadithi: inabidi washuke ziwani usiku, na hapo ndipo wanapovamiwa.

Tazama pia tukio la boila kupasuka, kwani karibu kila riwaya ya aina hii inalo. Ubavuni mwa boila husimama bomba jembamba la kioo. Maji ndani yake hucheza juu na chini, na mstari huo ndio roho ya fundi. Maji yakishuka yasionekane kiooni, paa la tanuri linaachwa bila maji juu yake, chuma kinaiva chekundu, kinalegea, presha inakisukuma ndani. Maji yaliyobaki, yaliyokuwa na joto kupita kiwango cha kuchemka, hugeuka mvuke yote kwa mkupuo. Fundi wa kweli akiona kioo kitupu hakimbilii pampu. Maji baridi kwenye chuma chekundu ni kuitia kasi ajali. Anautoa moto. Shujaa wako alifanya nini? Kama alijaza maji na boila ikatulia, weka msalaba. Kama alikaza valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke presha ikizidi, ili apate mwendo, usimcheke mwandishi: kwenye mashindano ya meli za mito ya Marekani mambo hayo yalifanyika kweli, na watu walikufa.

Ushauri wetu ni kumruhusu mwandishi jambo moja lisilowezekana. Gesi ya ajabu, madini yasiyo na uzito, chochote. La pili lisamehewe tu kama limetokana na la kwanza. Ukianza kukataa kila kitu kwa kikokotoo utakuwa umekisahihisha kitabu badala ya kukisoma.

Kipimo kilichopo bandarini

Msomaji wa Kigoma ana bahati asiyokuwa nayo msomaji wa London. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati iliyokuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma mwaka 1914. Ikaunganishwa upya hapa na kushushwa majini Februari 1915 ikiwa na jina la Goetzen. Julai 1916, katika vita kuu ya kwanza, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kabla ya hapo walizipaka injini grisi nzito. Ilikaa miaka chini ya maji. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zikafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikitembea kwa mvuke mpaka ilipotiwa dizeli miaka ya 1970.

Waingereza nao, mwaka 1915, walileta boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa treni, kisha wakazivuta milimani Kongo kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, halafu zikaenda kwa reli na mto mpaka ziwani.

Tumia habari hizi hivi: sura ya riwaya yako inayoonekana imetiwa chumvi kupita kiasi, iweke kando ya habari hii. Meli iliyosafiri sandukuni na kulala miaka chini ya ziwa ikafufuka kwa sababu ya grisi. Sehemu nyingi za riwaya zitaonekana za kawaida. Zile zitakazobaki hazisadikiki hata baada ya kulinganishwa ndizo za kujadili.

Herufi W

Hii ndiyo sehemu inayowaumiza wasomaji wa huku wanaporudi, na ni afadhali ujiandae kuliko kushtukizwa. Kila ukikuta watu waliotajwa kama kundi, “wenyeji”, “wapagazi”, “washenzi”, bila hata mmoja wao kuwa na jina, weka W. Kila ukikuta mtu anayetia makaa kwenye tanuri, angalia kama ana jina. Mwishoni hesabu. Shaba ya mashine ilichimbwa wapi, mpira wa mabomba uligemwa na nani, pembe za funguo za kinanda zilipita njia ipi? Nyingine zilipita Ujiji na Tabora vichwani mwa watu.

Riwaya ya kwanza ya Verne ya safari za ajabu, ya 1863, ni ya puto linaloruka kutoka Zanzibar kuivuka Afrika. Njiani linatua Kazeh. Kazeh ni Tabora. Verne hakuwahi kufika huku. Alitegemea maandishi ya wasafiri kama Burton na Speke, waliokuwa Kazeh mwaka 1857. Akalichukua jina Unyamwezi, akalifanyia hadithi ya umati unaowadhani wasafiri kuwa wana wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza. Msomaji wa Tabora aisome sura hiyo mara mbili: mara ya kwanza kwa kasi, kama kijana alivyoisoma, mara ya pili akiwa na W mkononi na akiikumbuka Kazeh ilivyokuwa hasa, mji wa biashara uliojaa watu wenye majina.

Na mashine ya puto hilo ipime pia. Daktari anayeliongoza anagawanya maji kwa betri, anachoma gesi zinazotoka, na kwa joto hilo anaipasha haidrojeni ya puto ili apande na kushuka. Kasoro ni mbili. Kugawanya maji kunakula nguvu isiyopungua ile utakayorudishiwa ukichoma gesi yake, kwa hiyo joto lote linatoka kwenye betri, na betri za 1863 zisingeliweza. Ya pili ni moto kukaa chini ya puto la haidrojeni, jambo ambalo halihitaji hesabu. Bado ile sura ya puto likitafuta upepo wa kulipeleka linakotaka ni nzuri, na kuona kasoro zote hizi hakuizuii kuwa nzuri.

Yanayoharibika

Kurudia mfululizo wote kwa mkupuo ndilo kosa kubwa. Kitabu cha kwanza kilipendwa kikiwa peke yake. Vya tatu na vya nne mara nyingi viliandikwa kwa haraka, na uchovu wake unarudi nyuma na kukipaka cha kwanza. Rudia kimoja, ngoja mwezi.

La pili ni kumpa mtoto nakala yako ukitegemea aipende vilevile, kisha unakaa pembeni kumwangalia usoni. Mwachie, ondoka. Mtoto anayejua treni ya umeme ya reli mpya kwanza atakuuliza kwa nini hawa wanachoma makaa, na swali ni la haki.

La tatu, kusoma ukiwa unasubiri kukatishwa tamaa. Kurasa 50 za mwanzo za riwaya hizi ni nzito karibu zote, kwa kuwa mwandishi anaijenga dunia. Usitoe hukumu kabla ya ukurasa wa 80.

Ukimaliza, kunjua ile karatasi siku hiyohiyo, kabla hujalala. Pita mstari kwa mstari kwa kalamu ya rangi nyingine: kweli, si kweli, ni ya filamu. Mstari wa “si kweli” usiufute. Kama ulikumbuka daraja likiungua na kitabuni hakuna daraja, daraja ulilijenga mwenyewe, na mara nyingine hilo ndilo ulilolipenda kuliko yote. Karatasi iweke ndani ya jalada la nyuma pamoja na majani machache makavu ya mwarobaini, kitabu kisimame wima bila kubanwa sana, sentimita 5 kutoka ukutani ili hewa ipite. Kwenye kona ya karatasi andika mwezi na mwaka.